Kifaa Kinachokula Jasho Kitakula Nini Mvaaji Akilala?

Babu yangu mzaa baba alikuwa na saa ya otomatiki ya Kijapani, ya chuma cheupe, yenye kidirisha cha siku na tarehe. Aliletewa na shemeji yake aliyekuwa baharia. Haikuwa na betri. Kila asubuhi kabla ya kuivaa aliitikisa karibu na sikio mara tano sita, kama mtu anayesikiliza nazi kama ina maji, kisha akaifunga mkono wa kushoto na kwenda zake shambani, huko Muheza. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Mkono ukicheza, kinazunguka na kukaza springi, na springi inaendesha mishale.

Mwaka aliopata kiharusi, mkono uliopooza ulikuwa huo huo wa kushoto. Siku ya tatu saa ikasimama. Tulidhani nayo imechoka, hadi baba mdogo alipoivua na kuihamishia mkono wa kulia, ule aliokuwa bado anashikia kikombe cha uji. Jioni ile ile ikawa inatembea.

Naikumbuka saa ile kila ninaposoma habari za vihisi vya kuvaa vinavyojitafutia nishati vyenyewe. Ahadi yake ni tamu. Kidude cha ukubwa wa kitufe cha shati, au chembamba kama plasta, kinabandikwa mwilini kupima joto, mapigo ya moyo, pumzi au chumvi ya jasho. Hakichajiwi, hakibadilishwi betri, kwa sababu kinakula kilichopo: joto la ngozi, mwendo wa mkono, mwanga, jasho, hata mawimbi ya redio yanayopita hewani. Na si ndoto za mchana. Thomas Seebeck alikutana na umeme unaotokana na tofauti ya joto tangu 1821. Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele ikibanwa hutoa umeme. Mwaka 2012 Zhong Lin Wang na wenzake wa Georgia Tech walileta kifaa kinachovuna umeme wa msuguano, ule unaokurusha ukivua fulana ya nailoni, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kikafungua kituo kizima, ASSIST, kwa ajili ya vifaa vya afya vinavyojiendesha kwa nguvu ya mwili na mazingira.

Wengi wanaoandika juu ya jambo hili huuliza mwili una wati ngapi. Mimi ninauliza zinakuja saa ngapi.

Tuanze na joto, maana ndilo linalosifiwa kuliko vyote. Mtu mzima aliyekaa tu hutoa joto la takriban wati 100, sawa na ile balbu ya zamani iliyokuwa inaunguza vidole. Ukiligawa kwa ngozi yote ya mwili, kila sentimita ya mraba inatoa kama miliwati 5 (miliwati ni sehemu ya elfu ya wati). Saa ya mkononi inafunika sentimita za mraba tano hivi, kwa hiyo chini yake zinapita miliwati 25 au zaidi kidogo. Lakini hizo ni za joto, bado hazijawa umeme. Ili ziwe umeme lazima upande mmoja wa kifaa uwe na joto kuliko mwingine, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma.

Ngozi ya kifundo cha mkono ina nyuzi 34 hivi. Maabara ya Ulaya au Marekani ina nyuzi 20. Tofauti ni 14, na hata mashine isiyo na dosari yoyote haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 4.5 ya joto hilo kuwa umeme. Vifaa halisi hupata sehemu ndogo tu ya hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti hupotelea kwenye ngozi yenyewe na kwenye hewa iliyotuama juu ya kifaa. Mwisho wa yote unabaki na makumi ya mikrowati, yaani sehemu za milioni za wati, kwa sentimita ya mraba, siku ikiwa nzuri.

Sasa kilete kifaa hicho Dar es Salaam mwezi Februari. Sebuleni nyuzi 30, ngozi nyuzi 34, tofauti 4. Umeme wa namna hii unashuka kwa mraba wa tofauti: gawa 14 kwa 4, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 12 na ushei. Kilichokuwa kinapata mikrowati 24 kule kinapata 2 hapa. Ukiwasha pangaboi kitapata nafuu, kwa kuwa upepo unapoza upande wa juu. Umeme ukikatika pangaboi linasimama, na chenyewe kinaanza kuhema. Yaani kifaa kilichobuniwa kisitegemee umeme wa ukutani kimerudi kuutegemea kwa mlango wa uani.

Muscat mwezi Julai ni kichekesho kingine. Hewa ya nje inapita nyuzi 40, ngozi iko chini ya hapo, na joto linaanza kutoka hewani kuingia mwilini. Zipo sakiti zinazokubali umeme upande wowote, kwa hiyo kifaa hakifi moja kwa moja. Ila kuna wakati asubuhi, hewa inapopanda ikaikuta ngozi katika nyuzi zile zile, ambapo hakipati hata tone. Mtu anayetoka kibandani kwenda kazini anapita katika hali hiyo kila siku.

Watengenezaji wanajua. Seiko waliuza saa ya joto la mwili, Thermic, mwaka 1998. Ilikuwa kazi ya ufundi wa hali ya juu, na haikuwa saa ya kila mtu. Mwaka 2016 kampuni ya Matrix ya Marekani ilitangaza PowerWatch, saa janja ya joto la mwili isiyochajiwa. Toleo la pili lilipoonyeshwa mwaka 2019 lilikuwa limeongezewa sola. Ukiona mpishi anaongeza sufuria ya pili jikoni, ujue ya kwanza haikutosheleza wageni.

Jasho nalo. Hapa Pwani tungesema tumefika nyumbani, maana jasho halituishi. Mwaka 2021 kikundi cha Joseph Wang wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilitoa kifaa cha kubandika ncha ya kidole. Ncha za vidole zina tezi za jasho zilizosongamana kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili, na zinatoa jasho hata ukiwa umetulia. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vilivyomo ndani ya kifaa vinavunja lakteti, kemikali iliyomo kwenye jasho, na kutoa umeme. Mtu akilala kwa muda wa saa kumi, kidole kimoja kinampa karibu milijouli 400 (milijouli ni sehemu ya elfu ya jouli, kipimo cha nishati). Wenyewe walisema zinatosha kuendesha saa ya elektroniki ya mkononi kwa siku nzima.

Zipime basi kwa mizani ya dukani. Betri ya kitufe ya CR2032, ile inayokaa kwenye rimoti ya gari, ina takriban jouli 2,400. Ili kidole kimoja kilipe deni la betri hiyo, kinahitaji usiku 6,000 wa kulala. Ni zaidi ya miaka 16. Bandika vidole vyote kumi, unabaki na usiku 600, na hapo bado hujaniambia ugali utamegwa kwa nini.

Hata hivyo sitaki kukicheka kifaa hiki, kwa sababu hakikumwomba mvaaji afanye kitu. Alilala, kikavuna. Babu asingehitaji kuhamishiwa mkono. Milijouli 400 zikigawanywa kwa sekunde zote za saa 24 zinatoa mikrowati 4 na nusu hivi, na siku hizi kuna vihisi vya joto vinavyoweza kuishi kwa kiasi hicho: vinaamka kila baada ya dakika kadhaa, vinapima, vinarusha ujumbe mfupi, vinarudi kulala. Saa janja ya kawaida yenye kioo cha rangi inataka makumi ya miliwati, mara elfu kadhaa zaidi. Anayekuambia simu au saa yako itachajiwa na kidole anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Anayesema plasta ya kupima homa, huyo msikilize.

Sasa msomaji mwenye akili ya biashara ataniuliza: kama CR2032 moja haizidi bei ya sahani ya wali kwa mama ntilie, na inaweza kutoa mikrowati 75 hivi mfululizo kwa mwaka mzima, tunahangaika na nini?

Swali hilo linastahili jibu la kweli, na mara nyingi jibu ni kwamba tunahangaika bure. Mfano ninaoupenda unatoka Bengaluru, India. Kampuni ya BEMPU ilitengeneza bangili ya watoto wachanga waliozaliwa na uzito mdogo. Inapima joto la mtoto na kupiga kengele anapoanza kupoa, ili mama amkumbatie ngozi kwa ngozi. Inafanya kazi kwa takriban wiki 4 na hakuna haja ya kuichaji. Huo ndio muda wenyewe wa hatari kubwa. Anayetaka kumfungia mtoto yule kifaa cha kuvuna nishati ya milele anatibu ugonjwa ambao haupo. Tena mtoto mchanga hatembei, amefunikwa khanga mbili na yuko kivulini. Ukitafuta mahali pabaya pa kuvuna nishati, umepapata.

Betri inashindwa kwingine, pale mahesabu yanapomfikia mtu wa kuibadilisha. Chukua wagonjwa 300 wa moyo au wa selimundu wanaofuatiliwa wakiwa nyumbani, vijiji mbalimbali, kwa miaka. Kila betri ni safari ya bodaboda, ni muuguzi mwenye bisibisi ndogo, ni mpira wa kuzuia maji ambao ukishafunguliwa haurudi ulivyokuwa, ni kifaa kilichoingia maji wiki ya pili. Na ni betri iliyotolewa, iliyowekwa dirishani, ambayo mtoto wa miaka miwili anaiona kama pipi. Betri ya kitufe ikikwama kwenye koo la chakula inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Hilo peke yake lingenifanya nitamani kifaa kisichofunguliwa kamwe.

Kwa hiyo haja ipo. Chanzo ndicho cha kuchagua, na hapa mwanga unavipita vyanzo vingine kwa mbali sana. Kila aliyesoma shule ya msingi na kushika kikokotoo kile chembamba cha sola anaujua mchezo: unafunika kidirisha cheusi kwa kidole gumba, tarakimu zinafifia, unaachia, zinarudi. Jua la utosi la kwetu linapita laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Kampuni ya Garmin, walipotoa saa janja ya sola ya Instinct 2 Solar mwaka 2022, waliandika kwamba betri yake haiishi katika matumizi ya kawaida ya saa, iwapo mvaaji atakaa nje saa tatu kwa siku katika mwanga wa laksi 50,000. Kwa muuza machungwa wa barabarani hayo si masharti, ni asubuhi yake kabla ya saa sita.

Ila wodi yenye taa ya mrija ina laksi mia mbili tatu. Na hata nje, kifundo cha mkono kiko wapi? Kiko ndani ya mkono wa kanzu, chini ya buibui, chini ya sweta la muuguzi wa zamu ya usiku Njombe. Waliobuni vifaa hivi walimwona mtu mwenye fulana ya mikono mifupi akikimbia bustanini. Sina ubaya naye. Ila viatu vyake navyo ni mfano huo huo: tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 maabara ya MIT ilionyesha kwamba soli ya kiatu inaweza kutoa miliwati chache kila mtu anapokanyaga. Soli ile ilikuwa ya raba nene. Jaribu kuificha kwenye ndala.

Nimefika kwenye jambo linalonifanya niandike. Kuna watu ambao hatari yao na nishati yao vinakuja kwa wakati mmoja, na ni wengi, na wengine ni ndugu zetu. Mkata miwa. Mvunaji wa chumvi. Kijana wa Mombasa, Kampala au Tanga aliyekwenda Ghuba kufanya kazi ya ujenzi au ulinzi wa geti. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri, Juni hadi Agosti. Qatar tangu 2021 inakataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni mosi hadi katikati ya Septemba. Sheria za saa ni nzuri, lakini mwili hausomi kalenda. Mtu anaweza kuanguka saa tatu asubuhi kama usiku hakulala vizuri na hakunywa maji.

Mfungie huyu kihisi cha joto la ngozi, mapigo ya moyo na jasho, kiwe nyuma ya kofia yake ya kazi au begani juu ya kizibao, ambako jua linapiga. Linapopiga zaidi, hatari inapanda na nishati inapanda nayo. Anatokwa na jasho, anasogeza mikono. Kipimo kinaweza kufanywa mara nyingi zaidi pale pale kinapohitajika zaidi, na akiingia kivulini kupumzika kifaa nacho kikapunguza mwendo bila hasara. Huku ndiko ningepeleka fedha za utafiti, kabla ya wodi na kabla ya wakimbiaji wa bustanini. Sharti langu ni moja, na si la kihandisi: namba zile zimfikie kwanza aliyevaa, kwa mtetemo au taa nyekundu, kabla ya kufika kwa msimamizi wake. Kifaa kinachomwambia bosi kwamba fulani leo amechoka kitavuliwa na kutupwa mchangani, hata kingekuwa kinajichaji kwa mbalamwezi.

Wanyama wanatuzidi katika hili. Watafiti wanaofuatilia tai wa Afrika Mashariki huwafunga mgongoni vifaa vya GPS vyenye sola. Tai hupaa hewa inapopata joto la jua, kwa hiyo muda wake wa kusafiri ndio muda wa kifaa kula. Usiku ametua mtini na hakuna cha kuandika. Hakuna binadamu anayeishi kwa ratiba iliyonyooka hivyo.

Mawimbi ya redio ya hewani nayapita haraka: ukiwa mbali na mnara ni mabaki ya makombo. Yanafaa pale tu mtu anapoyaleta karibu kwa makusudi. Kadi unayogusisha getini kwenye kivuko cha Kigamboni haina betri, inaazima nguvu kwa mashine sekunde ile ile unapoigusisha. Kihisi cha kusomwa na simu kwa njia hiyo ni rahisi na hakichakai, mradi yupo mtu wa kukisogelea na simu. Kwa mgonjwa anayetembelewa na mhudumu wa afya kila Jumatatu, hicho kinatosha kabisa.

Najua nitajibiwa kwamba vifaa vya kisasa havitegemei chanzo kimoja, vinachanganya mwanga na joto na mwendo, na vina akiba ndani. Ni kweli, na ndiyo njia sahihi. Lakini hata saa ya babu ilikuwa na akiba: springi ikijaa inakwenda kama saa 40. Kiharusi kilikuwa na miezi. Kwa kila kifaa kinacholetwa ningependa kuona namba mbili tu zikiwa zimewekwa pamoja: akiba inadumu muda gani gizani bila mwendo, na ugonjwa unaopimwa unamlaza mtu muda gani. Sijaona karatasi ya matangazo inayoziweka mstari mmoja.

Kuna mwingine atasema kusimama kwenyewe ni taarifa: saa ilisimama, familia ikajua mkono haufanyi kazi. Wazo hili wapo watafiti wanaolifanyia kazi kwa dhati, wakisoma umeme unaovunwa kama kipimo cha mwendo. Mchana, nyumbani, mbele ya baba mdogo mwenye subira, linafaa. Saa tisa usiku, muuguzi mmoja ana vitanda 40, kifaa cha kitanda cha 17 kimenyamaza. Mgonjwa amelala? Plasta imebanduka? Akiba imeisha? Amekufa? Ukimya una majibu manne na muuguzi ana miguu miwili.

Kwa hiyo hospitali au mradi ukiletewa vifaa hivi vya msaada au vya kununua, kabla ya hafla ya kukabidhiana na picha zake, naomba vijaribiwe hivi. Chumba cha nyuzi 31. Pangaboi limezimwa. Taa imezimwa. Kifaa kifungwe kwenye mkono usiotikisika, chini ya shuka, kuanzia saa kumi na mbili jioni. Awepo mtu mwenye daftari na kalamu, aandike kilikata saa ngapi.